Mjadala: Kahawa ya barazani baada ya Isha, iendelee au isimame?

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba.

Mwezi uliopita, barazani kwetu hapa Wete, wazee wawili walibishana mpaka wakainuka. Mmoja alisema vijana wa siku hizi hawaamki kwenda kazini kwa sababu ya uvivu. Mwengine akamjibu kuwa si uvivu, ni hili dele, birika la kahawa, lililo mbele yetu. Watu wakacheka, muuzaji akamimina, yakapita. Mimi hayakunipita, maana nina ushahidi wangu mkononi, kwa maana halisi ya neno hilo.

Hoja yangu ni hii: kahawa ya buni isiuzwe barazani baada ya sala ya Isha. Sitaki marufuku, wala sitaki sheha apite na fimbo. Nataka sisi wenyewe wanabaraza tukubaliane kuwa Isha ikishasaliwa, dele la kahawa liondoke kwenye makaa na lipandishwe la tangawizi tupu.

Mimi ni mwalimu wa skuli, na msimu wa karafuu ukiingia huchuma mikarafuu aliyotuachia marehemu baba. Kwa miaka kumi na tatu utaratibu wangu ulikuwa mmoja. Alfajiri chai. Baada ya Alasiri vifinjani viwili vitatu na kashata. Baada ya Isha ndiyo kahawa yenyewe: huyu katoa hoja, yule anajibu, muuzaji anamimina, na huku dhumna zinapigwa. Hakuna anayehesabu. Kifinjani ni kidogo, na kwa udogo wake ndiyo maana hakihesabiwi.

Usiku mmoja nikahesabu. Nilikwenda na chupa tupu ya maji, ya nusu lita, na kila nilipokunywa kifinjani nilimwambia muuzaji atie chengine kama hicho ndani ya chupa, nami nalipa vyote viwili. Kifinjani cha kumi kiliijaza chupa hadi shingoni. Nilipoiinua juu ya taa mwanga haukuipenya hata kidogo. Nusu lita ya kahawa iliyokuwa ikichemka juu ya makaa tangu alasiri, imeingia tumboni mwangu kati ya saa mbili na saa nne usiku, na mimi nataka kulala saa tano.

Sasa nieleze lililonipata. Msimu mmoja uliozaa sana, siku tano mfululizo tulikuwa tukichambua karafuu usiku, tunatoa makonyo jamvini, nikimaliza nakwenda baraza. Nikirudi nalala mang'amung'amu tu, macho yamefumba na kichwa kinafanya kazi. Asubuhi ya siku ya sita nikapanda. Aliyewahi kupanda mkarafuu analijua tawi lake: linaonekana zima na linakatika kama njiti ya kibiriti. Mchumaji hutanguliza macho, mguu ukafuata. Siku ile mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukitetemeka, vichala vinadondoka kabla havijafika pakachani. Nikakanyaga tawi ambalo siku nyengine nisingelikanyaga. Nilianguka kimo cha paa la nyumba, nikavunjika kifundo cha mkono. Aliyenifunga plasta hakuniuliza nilipanda mti gani. Aliniuliza, "Maalim, jana umelala saa ngapi?" Nililala saa nane usiku, na Alfajiri nilikuwa macho.

Baadaye nikasoma. Mwilini mna kitu kinaitwa adenosini. Kinakusanyika ubongoni tangu unapoamka, na kadiri kinavyozidi ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kafeini inakwenda kukalia kiti cha adenosini. Usingizi haujaondoka, uko nje ya mlango unangoja. Na kafeini haiondoki upesi: kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake huchukua kama saa tano kutoka mwilini. Fanya hesabu mwenyewe. Vifinjani kumi vilivyokwisha saa nne usiku, saa tisa usiku bado unavyo kiasi cha vitano. Ni kama mtu amekuamsha kabla ya Alfajiri akakunywesha vifinjani vitano, kisha akakwambia rudi ulale.

Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kuwa mtu mzima mwenye afya hadhuriki kwa miligramu 400 za kafeini kwa siku. Watu wa kahawa wanaipenda sana namba hiyo. Lakini mamlaka hiyo hiyo ilisema miligramu 100 tu zikinywewa karibu na wakati wa kulala zinaweza kuchelewesha usingizi na kuufupisha kwa baadhi ya watu. Na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, na bado usingizi wao ulipungua zaidi ya saa moja. Kwa hiyo kisa si kahawa. Kahawa ya asubuhi nainywa na nitaendelea kuinywa. Kisa ni saa.

Tena muulizeni muuzaji buni yake imetoka wapi. Robusta, ile inayolimwa sana Kagera, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Huwezi kuijua kwa kuiangalia ndani ya kifinjani.

Niliacha ya usiku peke yake. Siku mbili za mwanzo kichwa kiliniuma nyuma ya macho, na wanywaji wote mnakijua kichwa hicho: ndicho kile cha mwanzo wa Ramadhani tunachokisingizia njaa. Kikapoa. Wiki ya pili nililala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu sikumbuki lini.

Nawasikiliza. Anayepinga apinge kwa hoja.

Muuza kahawa, Chake Chake

Maalim, pole kwa mkono, na nasema kwa dhati. Lakini umeandika kama kwamba dele linajipeleka lenyewe barazani.

Mimi buni naikaanga mwenyewe nyumbani, mama watoto anatwanga, na saa tisa na nusu niko njiani na seredani yangu ya makaa. Alasiri mpaka Maghribi namaliza dele moja. Baada ya Isha namaliza matatu. Hayo matatu ndiyo unga na daftari za watoto. Tangawizi tupu nimeshajaribu, wakati mmoja buni ilipopanda bei. Watu walikunywa kifinjani kimoja kwa kunionea haya, wakainuka.

Na wateja wangu wa usiku si wote wanaokwenda kulala. Kuna wavuvi wa dagaa wanaotoka na taa zao, kuna walinzi, kuna madereva wanaopeleka abiria Mkoani kuwahi meli. Hao nikiwaambia dele limefungwa watakwenda dukani kununua kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Kopo la mililita 250 aghlabu lina miligramu 80 za kafeini, na sukari juu yake. Kahawa yangu haina sukari, mtu anainywa na kashata moja. Kipi bora?

Mama wa watoto wanne, Micheweni

Nimesoma yote, nikaona mnazungumza kana kwamba anayelala ni mwanamume peke yake. Baraza ni lenu, lakini usiku ni wetu sote. Mume akirudi saa sita hana usingizi, anawasha taa, anataka mazungumzo. Mimi saa kumi niko jikoni. Usingizi wangu nao unakunywewa huko barazani, na sijawahi hata kukishika hicho kifinjani.

Na kuna jambo mmelisahau. Kwa mama mjamzito nusu hiyo ya kafeini haitoki kwa saa tano. Mimba inapokuwa kubwa inaweza kukaa zaidi ya saa kumi na tano. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze. Nilipokuwa na mimba ya tatu nilikuwa na upungufu wa damu, nikipewa vidonge vya madini ya chuma, navimeza na chai ya rangi kila asubuhi. Hakuna aliyeniambia kuwa chai na kahawa zinazuia chuma kuingia mwilini, mpaka mkunga mmoja alipoiona birika yangu. Nikaanza kuvimeza kwa maji ya ndimu, chai nikaisogeza mbele kwa saa mbili.

Kwa hiyo mimi niko na Maalim, ila naomba asiishie barazani.

Muuguzi, Mkoani

Kwa ufupi tu. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliitoa kahawa katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani. Lakini liliweka humo vinywaji vya moto sana, vinavyopindukia nyuzijoto 65, kwa ajili ya saratani ya koo la chakula. Mnaosema kahawa isiyounguza ulimi si kahawa, ingojeni kidogo kifinjanini. Iwe ya saa yoyote.

Mzee wa Mji Mkongwe, Unguja

Mwanangu Maalim, hili si geni. Kahawa ilipotoka Yemen ililetwa na watu wa dhikri, waliokuwa wakiinywa ili wakeshe kwa ibada. Mwaka 1511 huko Makka, Khair Beg aliyekuwa na mamlaka ya mji aliwakusanya wanazuoni na matabibu, akaipiga marufuku, kwa sababu watu walikuwa wakikaa pamoja usiku na kuzungumza. Haukupita muda amri ikalegezwa kutoka Cairo, na kahawa ikaendelea.

Mimi nakaa Jaws Corner, hapa Soko Mohogo, tangu nywele zangu nyeusi. Nimeona watu wa vyama viwili wasiopeana mikono mchana, usiku wanapokezana kifinjani kimoja. Kifinjani kile kinampa mtu ruhusa ya kukaa bila kuulizwa amefuata nini. Ukiliondoa dele, kila mmoja ataangalia simu yake nyumbani kwake. Hasara hiyo wewe hujaipima kwa chupa ya nusu lita. Usingizi wa mtu ni amana yake mwenyewe. Asiyeweza asinywe.

Jawabu la mleta hoja

Shikamoo mzee wangu. Nianze na wewe, kwa sababu hoja yako ndiyo iliyonikalisha kitako siku mbili.

Watu wa dhikri uliowataja walikunywa ili wasilale. Walijua wanachokitaka na kahawa iliwapa. Sisi tunakunywa kile kile, halafu tunakwenda kitandani tukitaka kulala. Kwa hiyo mfano wako naukubali wote, na mvuvi wa dagaa naye nampa haki yake: yeye anakesha kweli, kahawa ya saa mbili usiku ni chombo chake cha kazi kama taa na nyavu. Katika hili muuza kahawa amenirekebisha, na nafuta neno "isiuzwe". Anayekesha auziwe.

Ila kwenye "asiyeweza asinywe" sikubaliani, mzee wangu, na nasema kwa adabu. Wewe mwenyewe umesema kifinjani ndiyo ruhusa ya kukaa. Basi mtu atakataaje? Nilipoacha ya usiku nilikaa barazani siku tatu mikono mitupu. Kila dele lilipopita mbele yangu mtu aliniuliza, "Vipi Maalim, unaumwa?" Usiku wa nne nilibaki nyumbani. Sikuwakimbia watu wala mazungumzo, niliona haya kukaa bila kitu mkononi. Ikiwa kifinjani ni kiti, basi kuwe na kiti cha anayetaka kulala pia. Ndiyo maana nalishikilia dele la pili, na lenyewe likae juu ya makaa yale yale, limiminwe katika vifinjani vile vile, ili atakayepita asijue nani anakunywa nini.

Mama wa Micheweni, umesema kweli, na imenichoma. Miaka kumi na tatu sikumuuliza mke wangu yeye analala saa ngapi. Nimemuuliza jana. Amesema tangu niache, watoto hawaamki tena usiku kwa sauti ya mlango. Hilo la vidonge vya chuma na chai nitalipeleka skulini, kwenye mkutano wa wazazi, kwa sababu wasichana wetu wa madarasa ya juu wanakunywa chai ya rangi juu ya mkate kila siku na nusu yao wanasinzia kipindi cha tatu.

Ndugu yangu wa Chake Chake, umenigusa kwenye mfuko na sina jawabu la maneno. Dele moja la tangawizi tupu halikuuzika, nakuamini. Lakini ulilijaribu peke yake, buni ilipokosekana, na mteja aliliona kama adhabu. Sijui kama limewahi kukaa sambamba na la kahawa, limetiwa iliki na mdalasini, na karafuu mbili tatu, maana tuko Pemba na hatuna udhuru. Hapa kwetu muuzaji wetu amekubali kujaribu kwa mwezi mmoja, kuanzia Jumamosi. Wanabaraza sita tumekubaliana kuwa likibaki dele la pili bila kwisha, tunalilipa sisi, asipate hasara hata ya makaa. Kila usiku ataandika kwenye daftari langu la skuli vifinjani vingapi vimetoka dele hili na vingapi lile.

Ukipenda, njoo Ijumaa ya mwisho ya mwezi huo uzione hesabu mwenyewe, uje na seredani yako. Chupa ya nusu lita ninayo bado.