Msaada: kijitabu cha Darasa la Kwanza kinatoka kichwa chini

Mwl_Makorora: Wadau, nimekwama. Nimetengeneza kijitabu cha silabi kwa programu ya Publisher. Stationery moja hapa Ngamiani wamenitolea sampuli: nikigeuza karatasi, nyuma maandishi yako kichwa chini, na kurasa mbili za mwisho ni nyeupe. Watoto wanakihitaji Jumatatu. Kosa la nani?

Bint_Chumbageni: Hamia Scribus, programu ya kupanga kurasa, ni ya bure. Publisher yenyewe Microsoft wanaisitisha Oktoba 2026.

Mwl_Makorora: Sina muda wa kujifunza programu mpya, dada.

Fundi_Wino: Kichwa chini ni kosa la stationery. Karatasi ya kijitabu imelala, kwa hiyo igeuzwe kwa ukingo mfupi. Wao wameacha printa igeuze kwa ukingo mrefu. Hizo nyeupe ni zako. Kurasa ngapi?

Mwl_Makorora: Majalada 60 ya rangi nimeshayalipia, siongezi kitu.

Fundi_Wino: Nimeuliza kurasa ngapi.

Mwl_Makorora: 18.

Fundi_Wino: Karatasi moja ikikunjwa ni kurasa 4. Zikiwa 18 utatumia karatasi 5 tu, yaani kurasa 20, mbili zibaki tupu. Weka humo mistari ya kufuatisha herufi.

Mzee_Raskazone: Uzi wa kutunga huu. Ukichagua saizi ya kijitabu, Publisher hukuonya uongeze kurasa nne nne. Hizo 18 zimetoka wapi?

Mwl_Makorora: Shikamoo mzee. Sijatunga. Sikuchagua kijitabu, nilianza na A4 ya kawaida. Stationery ndio waliopunguza ukubwa.

Bint_Chumbageni: Heh! Na herufi pointi ngapi?

Mwl_Makorora: 14. Kwenye skrini zinasomeka vizuri tu.

Mzee_Raskazone: Wagawie na miwani.

Fundi_Wino: A4 kwenda A5 ni asilimia 71, kwa hiyo 14 yako imekuwa 10. Mtoto anayeanza kusoma hawezi. Fungua faili jipya la kijitabu, ukurasa A5, herufi pointi 20. Tumia fonti ya Andika, ni ya bure na "a" yake inafanana na ya ubaoni. Toa PDF ya ukurasa mmoja mmoja, kupanga kurasa kwa ajili ya kukunja waachie stationery. Mkipanga wote wawili kurasa zitavurugika. Usiwapelekee faili la Publisher, kompyuta yao ikikosa fonti hiyo itaweka nyingine na mistari itahama.

Mwl_Makorora: Kwa pointi 20 maneno hayaenei kurasa 20. Nifanye 22?

Fundi_Wino: 24, mwalimu.