Paka wawili, jiko la gesi na mwenye nyumba anayetaka watoke: naombeni ushauri

MamaShaba_Tanga

Habari za saa hizi ndugu zangu. Leo ni siku ya tatu tangu litokee, na bado nikiwasha kiberiti mkono unasita.

Nimepanga vyumba viwili Ngamiani, nyumba ya Kiswahili, korido katikati na uani wa pamoja. Uani mvua ikinyesha hapapikiki, kwa hiyo napikia kwenye pembe ya chumba cha mbele. Jiko la gesi la pleti mbili liko juu ya meza ya mbao, mtungi wa kilo 15 chini ya meza, dirisha nyuma ya jiko, na dirishani lilikuwapo pazia refu la kitambaa chepesi. Paka ninao wawili. Shaba ni jike, ana miaka minne. Kombo ni mwanawe, miezi saba, hatulii hata dakika.

Jumamosi baada ya magharibi nilikuwa nakaanga vibua. Vilivyokwisha kuiva nimevitia kwenye sahani upande wa kushoto wa jiko, vingine vimo karaini. Jirani akapiga hodi, karudisha ungo wangu. Kutoka jikoni hadi mlangoni ni hatua sita, nimezihesabu jana. Nikaenda kuupokea nikauacha moto unawaka. Kombo akaruka kitini, kutoka kitini mezani, anaifuata ile sahani. Mbele ya jiko hakupita, alipita nyuma, kati ya karai na dirisha, mkia juu. Ule mkia ukapita kwenye moto. Akashtuka, akalirukia pazia, pazia likakatika na fimbo yake, nusu likaangukia pleti.

Liliwaka mara moja, wala sikuwahi kulia. Nililivuta kwa ncha nikalikanyaga sakafuni na ndara zangu. Hapo mafuta ya karaini yameanza kutoa moshi mweupe na pembeni ulimi wa moto umeshapanda. Nikachota maji ndooni. Jirani akanidaka mkono, akafunga gesi, akabwaga sinia la bati juu ya karai. Moto ukafa palepale.

Kombo aliingia uvunguni mwa kitanda hadi alfajiri. Ncha ya mkia imebabuka, sharubu za upande mmoja zimejikunja kama uzi uliochomwa, na mguu wa mbele wa kulia anaunyanyua akitembea.

Sasa mwenye nyumba kapata habari. Amesema mwisho wa mwezi paka watoke, au nitoke nao. Simlaumu, nyumba ni yake na dari ni la mbao. Lakini kabla ya Shaba nyumba hii ilikuwa na panya wa kutisha. Mwaka niliohamia walitafuna mpira wa gesi usiku, nikaamshwa na harufu. Tangu Shaba aje, sijaona kinyesi cha panya hata kimoja. Nikimtoa paka kwa ajili ya moto, si namrudisha panya kwenye mpira?

Naomba kujua namna ya kupika salama nikiwa nao ndani, huo mguu nifanyeje, na huyu mzee nimwambie nini. Nawasilisha.

Fundi_Gesi_Temeke

Pole sana dada. Mtungi uko chini ya meza, juu ya meza kuna moto, na mpira unapita wapi? Unaning'inia au umelala sakafuni?

MamaShaba_Tanga

Umelala sakafuni fundi, halafu unapanda nyuma ya meza. Ni mrefu, nilipouziwa sikukata.

Fundi_Gesi_Temeke

Basi tuanzie hapo, maana hoja yako ya panya ni ya kweli kuliko mwenye nyumba anavyodhani. Kazi hii nimeifanya miaka, na mipira niliyobadilisha kwa sababu ya meno ya panya siwezi kuihesabu. Ulaini wa mpira na harufu ya mafuta ya kupikia iliyoushika vinawavuta. Mpira uliolala sakafuni nyuma ya meza, gizani, ndio njia yao.

Fanya hivi. Mtungi utoke chini ya meza, ukae pembeni ya jiko, umesimama wima, mahali unapofikia kwa mkono bila kuupitisha mkono juu ya moto. Mpira ukatwe uwe mfupi wa kutosha tu, usiguse sakafu wala mgongo wa jiko unaopata moto. Ukipata wenye kufumwa kwa waya nje, nunua huo. Ncha zote mbili zibanwe na klipu za chuma. Ukimaliza, paka povu la sabuni kwenye maungio yote, fungua gesi jiko likiwa limezimwa, utazame. Povu likivimba viputo, panavuja. Usijaribu kwa kiberiti hata ukiambiwa na fundi mwenzangu.

La pili ni koki. Koki za jiko la mezani ni laini, mtoto anazizungusha, na paka mwenye kilo zake nne akiruka na kutua vibaya anaweza kuisogeza. Kwa hiyo ukimaliza kupika usifunge jikoni tu. Funga kwenye mtungi kwanza, acha moto ufe wenyewe kwa kukosa gesi, ndipo ufunge koki za jiko. Paka akizungusha koki usiku, hakuna kitakachotoka.

Jambo moja watu hawalijui. Gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inashuka na kutandaa sakafuni, inaingia uvunguni. Ndiko paka wanakolala. Wewe ukiwa kitandani unaweza usiisikie harufu mapema, wao wameshaivuta. Ukinusa, usiguse swichi ya taa, kuwasha wala kuzima. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toka na watu wako na paka wako.

Mstaafu_Zimamoto

Binti yangu, huyo jirani yako mpelekee zawadi. Amekuokoa uso.

Nilitumikia zimamoto kabla ya kustaafu, na majeraha mabaya kabisa niliyoyaona jikoni hayakuletwa na moto wenyewe. Yaliletwa na maji juu ya mafuta. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama hadi chini ya karai, na kule chini joto limepita nyuzi 200. Yanageuka mvuke kwa kitambo cha kupepesa jicho, na maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700. Mvuke huo unayarusha mafuta yanayowaka hadi darini, na wewe umeinama na ndoo. Dari lako la mbao lingewaka.

Alichofanya jirani ndicho: gesi kufungwa, karai kufunikwa, kisha kuachwa. Wengi hufunika halafu baada ya dakika mbili wanafunua kuchungulia. Mafuta bado ni ya moto, hewa ikiingia yanawaka upya. Liache hadi lipoe kabisa. Wala usilibebe kulitoa nje, utajimwagia. Sinia hilo la bati liwe na mahali pake, ukutani, upande wa mlangoni ili usilifuate ng'ambo ya moto.

Pazia usilirudishe. Dirisha lililo nyuma ya jiko halivikwi kitambaa. Ukitaka stara, paka rangi kioo cha chini au weka wavu.

Moto ukikushinda, namba ya zimamoto kwa Tanzania ni 114, kupiga ni bure. Toka nje kwanza ndipo upige. Na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu najua unavyowapenda: ukishatoka usirudi ndani kumtafuta paka. Paka akiona moto hujificha, haji hata ukimwita kwa jina. Uache mlango wazi nyuma yako, mwambie askari akifika kwamba kuna paka na huwa anajificha wapi.

Daktari_wa_Mifugo_Moro

Mama Shaba, mguu huo usiuache. Paka huficha maumivu, na akifikia kuunyanyua mguu wazi mbele yako ujue unauma kweli. Mkamate jioni akiwa ametulia, mfunge kwenye khanga, mguu mmoja tu utokee, uangalie nyama ya unyayo kwa mwanga mzuri. Kama ngozi imechubuka, ina lengelenge au inatoa maji, mpeleke kwa daktari wa mifugo kesho. Usingoje ikauke.

Kwa wengine wanaosoma: paka akiungua, palepale mmiminie maji safi ya bomba, ya baridi ya kawaida, taratibu, kwa dakika 10 au zaidi. Barafu hapana. Dawa ya meno, samli, asali, mafuta ya taa, hapana. Chochote unachompaka atakilamba.

Na msimpe Panadol. Naomba msome sentensi hiyo tena. Mwili wa paka hauna namna ya kuivunja dawa hiyo, kidonge kimoja kinaweza kumuua. Nimeletewa paka aliyepewa nusu kidonge na mtoto mwenye huruma, ufizi umegeuka rangi ya udongo, na hatukumuwahi.

Moshi nao ni wa kuangaliwa. Paka akihema mdomo wazi, au akikohoa siku moja au mbili baada ya moto, apelekwe hospitali hata kama nje hana alama.

Bibi_wa_Wete

Mwanangu, shukuru Mungu mmebaki wazima. Mjukuu wangu ananiandikia haya.

Sisi Pemba twapikia makaa na kuni, na jiko la nje limeezekwa makuti. Moto wa kuogopa hapa ni ule unaodhani umezimika. Usiku paka hufuata joto la jivu, hujilaza mekoni kabisa. Kaa moja lililofukiwa latosha. Alinitoka paka wangu mweupe alfajiri moja, manyoya ya tumbo yafuka moshi, akakimbilia kwenye rundo la makumbi. Tuliwahi. Tangu siku hiyo silali mpaka jivu nimelimwagia maji nikalikoroga kwa kijiti, kisha naligeuzia juu sufuria kuukuu.

Na huyo Kombo ana njaa ya harufu. Siku ya samaki mlishe kabla hujatia mafuta jikoni. Vichwa na matumbo ya vibua chemsha kwanza, wape nje, washibe, wafunge mlango. Paka aliyeshiba hupanda meza pia, nisikudanganye, lakini hapandi kwa pupa. Mpe na mahali pake pa joto, gunia mlangoni jua la asubuhi linapopiga, aache kuyatamani ya jikoni.

Huyo mwenye nyumba ni mtu mzima, mwambie kwa upole: paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi.

Kaka_Maskati

Naongezea kwa walioko huku Ghuba na wanaohamia majiko ya umeme ya kioo, yale ya kugusa kwa kidole. Kidole chako na unyayo wa paka jiko halivitofautishi. Jijini Seoul, Korea Kusini, zimamoto walihesabu moto 107 ulioanzishwa na paka kati ya Januari 2019 na Novemba 2021, mara nyingi paka wakiwa wamekanyaga vitufe na wenyewe hawapo. Mimi nilirudi kazini nikakuta kibao cha kukatia nyama nilichokuwa naegesha juu ya jiko kimekuwa cheusi upande mmoja na nyumba imejaa moshi. Kumbe jiko lilikuwa na kitufe cha kufuli siku zote, nami sikukigusa. Sasa nikitoka nalifunga, swichi ya ukutani nazima, na juu ya jiko hakilali kitu.

MamaShaba_Tanga

Ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili, mengine nikamsomea jirani yangu, kacheka aliposikia habari ya zawadi. Nimempelekea vibua sita.

Daktari, niliutazama unyayo kama ulivyosema. Palikuwa na lengelenge dogo katikati. Nilimpeleka jana asubuhi kwenye kapu la ukili lenye kifuniko, analia njia nzima. Kasafishwa, kapewa sindano na dawa ya siku tano. Nilipotaja Panadol daktari wa huku naye alinyanyua mkono vilevile. Nilikuwa nayo mkobani, nasema kweli. Nilikusudia kumpa robo.

Pazia nimelitupa. Sinia nimelitundika kwenye msumari kando ya mlango. Mtungi umetoka chini ya meza, na usiku nafunga huko huko kwenye mtungi kama fundi alivyoelekeza. Nilipousogeza nilikuta kwenye mpira alama mbili za meno, za zamani, hazijafika ndani. Nimepiga picha.

Picha hiyo ndiyo niliyompelekea mwenye nyumba. Sikuhoji sana. Nilimwonyesha mpira, nikamwonyesha mahali mtungi ulipo sasa, nikamwambia nikianza kukaanga nawafungia chumba cha ndani, na nikiitwa mlangoni nazima moto kwanza, awe nani anayeniita. Akaushika mpira, akapitisha kidole kwenye yale meno, akaniuliza vyumba vya wapangaji wengine mitungi yao imekaaje. Nikamwambia sijui. Amesema atapita vyote Ijumaa, na la paka tutazungumza baada ya hapo.

Fundi wa mpira anakuja kesho saa nne. Naomba mnijulishe: urefu wa mita moja na nusu unatosha kama mtungi uko kando ya meza?

Fundi_Gesi_Temeke

Unatosha dada. Usimruhusu akuunganishie vipande viwili. Na hakikisha klipu anakuletea mpya, asirudishe za zamani.