Pete ya klarineti ya marehemu ami: sonara anataka kukwangua mbavu zake

MwanaLangoni
Asalaam aleikum. Ami yangu, Mungu amrehemu, aliniachia klarineti. Chombo chenyewe ni cha kawaida, kilichonitatiza ni ligecha yake, ile pete inayobana ridi (kile kibanzi chembamba cha tete kinachotetemeka) kwenye mdomo wa chombo, pale pa kupulizia. Skrubu zake mbili hazikai chini, upande wa ridi, kama nilivyozoea kuona. Hizi ziko juu. Ndani ina mbavu mbili nyembamba zilizokwenda kwa urefu, na ridi inagusa hapo tu. Nje imepigwa chapa jina Bonade.

Imeshika kutu ya kijani, si mwaijua hewa ya Lamu. Nikampa sonara wa mtaani anisugulie, naye asema mbavu zile ni mabaki ya lehemu, kesho asubuhi atazikwangua ndani pawe laini. Lakini kuna mgeni kule Shela aliiona akataka kuinunua pete peke yake, klarineti hata hakuitazama! Mwenye kuyua anambie, ina nini?

MpulizajiMalindi
Waaleikum salaam. Kijana, kimbia sasa hivi ukaitwae! Hizo mbavu ndizo pete yenyewe. Daniel Bonade alikuwa mpiga klarineti mkuu wa okestra ya Philadelphia, Marekani, na mwalimu wa wapigaji wengi wakubwa. Ridi ni ya kutetemeka. Ukiibana kwa bati zima, umeikaba. Mbavu mbili zinaishika kwa mistari miwili tu, pengine pote iko huru.

Mimi nimepiga bendi za mahoteli hapa miaka mingi kwa pete ya kawaida. Siku moja mwenzangu akaniazima yenye mbavu. Noti za chini sikuona kitu. Ila zile za juu, ukizianza polepole kwa ncha ya ulimi, zilikuja bila kukwaruza. Watu waliokuwa mezani wanakula kamba hawakusikia tofauti yoyote, nisikudanganye.

BintiShela
Mzee wangu, kwa heshima, mwazikuza mno pete hizi. Kabla Iwan Müller hajaleta pete ya skrubu, mwanzo wa karne ya 19, watu walifunga ridi kwa uzi, na Wajerumani wako wafungao hivyo hadi leo. Mimi skrubu ilinipotea nikafunga uzi wa pamba, ikalia vizuri tu. (Mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia, usijaribu, unateleza.)

MpulizajiMalindi
Uzi sibishani nao, binti yangu, nao pia haukabi. MwanaLangoni, ukishaipata usiisugue kwa ndimu wala mchanga, utaondoa ile rangi ya juu ibaki shaba tupu. Kitambaa laini, na tone la mafuta ya cherehani kwenye skrubu. Kaza mpaka ridi isisogee, basi. Na ikiwa yapwaya kwenye mdomo mwingine usiikunje, midomo haina unene mmoja.

MwanaLangoni
Nimeiwahi. Ubavu mmoja sonara alikuwa ameshaugusa kwa tupa, kiasi cha ukucha. Nimepiga barazani jioni hii, noti za juu zatoka, sijui ni pete au ni furaha. Arbuni yangu amekataa kurudisha.

Yule mgeni wa Shela nimwambieje?

BintiShela
Mwambie naye akatafute ami yake.