Naomba ushauri: shafti inatoka nene upande wa senta ya nyuma

Habari zenu mafundi na wanafunzi wenzangu. Nasomea uhandisi wa mitambo katika chuo cha ufundi hapa Nairobi, na kazi ya vitendo imenikwamisha.

Kwenye mashine ya kukereza (lathe), nakereza shafti ya chuma laini, kutoka kipenyo cha mm 25 hadi mm 20, urefu mm 150. Ruhusa ya kupotoka kwenye kipenyo ni mm 0.05 juu au chini. Maikromita inasoma 20.02 karibu na taya zinazoshika shafti, lakini 20.14 upande wa senta (ncha inayotegemeza mwisho wa pili). Kisu ni cha HSS (chuma kigumu cha kukatia), mizunguko 360 kwa dakika, mkato wa mwisho mm 0.25.

Nimenoa kisu upya, nikakipanga sawa na ncha ya senta. Hakuna mabadiliko. Kisha nikafunga kipande kinene cha mm 40, kikitokeza mm 80 bila senta: tofauti ikawa 0.01 tu, kwa hiyo kichwa cha mbele, kinachozungusha kazi, sikilaumu. Nikasogeza kichwa cha nyuma, kinachobeba senta, kuelekea kwangu mm 0.06, yaani nusu ya tofauti, nikitumia saa ya kupimia msogeo (dial gauge). Shida ni kwamba nikikaza boliti kinarudi karibu 0.03, na mkato unaofuata unasoma 20.09 upande wa senta. (Mashine ni kuukuu, imepita mikono mingi.)

Je, nikisogeze kupita kiasi ili kikirudi kikae sawa, au kwanza nikifungue nisafishe chipu chini yake? Na boliti mbili za pembeni zinazokisogeza, ipi hukazwa kwanza?