Shabaha ya elektroniki imemeza risasi zangu 3 kwenye mechi, halafu naambiwa nimekosa!

Wakuu, salaam.

Naandika usiku huu huu kwa sababu nikilala na hili moyoni sitaamka salama. Nimefura. Mnaolenga shabaha kwa bunduki za upepo, popote mlipo, naomba mnisome mpaka mwisho. Lililonikuta mimi linaweza kukukuta na wewe, ukaambiwa mikono inakutetemeka.

Niko Ujerumani, kusini, kijijini. Huku vijiji vingi vina chama chao cha kulenga shabaha, na mimi ni mwanachama wa kimoja, huu mwaka wa tatu. Tunapiga mita 10, risasi ya milimita 4.5. Zamani chama kilikuwa na shabaha za karatasi zinazovutwa kwa kamba hadi kwa mlengaji. Baadaye tukachangishana, ikanunuliwa mitambo ya elektroniki: unafyatua, alama inatokea kwenye skrini pembeni yako. Mchango wangu nilitoa, na ule ukuta wa nyuma ya mitambo niliupaka rangi kwa mikono hii hii.

Ijumaa tulikuwa na mechi ya ligi, risasi 40 kila mtu. Nikapangiwa njia namba 4. Mpaka risasi ya 16 mambo safi. Ya 17 nimetulia, duara jeusi la shabaha limekaa sawasawa ndani ya pete ya kulengea iliyo mbele ya bunduki, nimefyatua, bunduki haikusogea. Skrini kimya. Haikuonyesha alama wala sifuri, na namba ya risasi imebaki 16. Nikanyoosha mkono. Msimamizi akaja, akatazama skrini, akanitazama mimi, akasema, "Umekosa. Endelea." Ya 26 ikawa hivyo hivyo. Ya 33 hivyo hivyo. Mwisho wa mechi akahesabu matundu ya kisanduku changu cha risasi, yote 40 matupu, skrini inasoma 37. Akaniandikia sifuri 3. Tumefungwa kwa pointi 14! Hata ningepata nane tatu tu, tungeshinda.

Sasa niulize: nimekosa nikapiga wapi? Shabaha yote ya bunduki ya upepo, kuanzia duara la 1, ina upana wa milimita 45.5. Ukitoka nje ya hapo bado kuna karatasi nyeusi, na ukizidi kutoka unagonga fremu ya chuma. Risasi ni laini, ikigonga chuma inabondeka na kuacha baka linalong'aa, na mlio wake watu wote ukumbini wanausikia. Nilikwenda kuikagua fremu yote kwa tochi. Hakuna baka jipya hata moja. Jirani zangu wa njia ya 3 na ya 5 nao hawakupata risasi ya ziada kwenye skrini zao. Hili la jirani ndilo la kwanza kuangaliwa siku zote. Athens mwaka 2004, Matt Emmons wa Marekani alikuwa anaongoza fainali ya Olimpiki, risasi yake ya mwisho skrini haikuonyesha kitu. Walipofuatilia wakakuta ameipiga shabaha ya jirani, dhahabu ikamponyoka. Iliuma, lakini angalau risasi yake ilitafutwa mpaka ikaonekana. Yangu hakuna aliyejisumbua kuitafuta.

Basi nimeitafuta mwenyewe. Jumamosi asubuhi niliomba ufunguo, nikafungua kisanduku cha mtambo wa shabaha cha njia ya 4.

Mtambo wetu unafanya kazi kwa sauti. Ndani kuna vinasa sauti pembeni, na mbele kuna utepe wa karatasi nyeusi. Risasi inapotoboa karatasi inatoa mlio, mlio unavifikia vinasa kwa nyakati tofauti, kompyuta inapiga hesabu ya pale ulipotokea. Kwenye joto la nyuzi 20 sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milimita 1 ni suala la kama sehemu 3 za milioni ya sekunde. Kazi ya ajabu, siikatai. Lakini yote inategemea kitu kimoja: risasi ikute karatasi nzima. Ndiyo maana kuna mota ya kuusogeza utepe kila baada ya kufyatua.

Nimechora mstari wa penseli kwenye utepe, usawa wa ukingo wa fremu. Nikarudi mahali pa kufyatulia, nikapiga risasi 5. Mota nimeisikia inaunguruma kila mara, mara zote 5. Nikaenda kutazama. Mstari haujasogea hata upana wa ukucha! Roli ya mpira inayouvuta utepe imekuwa laini kabisa, imejaa vumbi la risasi na mavumbi ya karatasi, inazunguka bure huku utepe umesimama. Na kipande cha utepe cha Ijumaa bado kilikuwepo, nimekikata nimekihifadhi. Katikati pana tundu moja kubwa la kupitisha kidole changu cha mwisho, kingo zimechanika kama nyuzi.

Mmeelewa? Dirisha lenye kioo ukilirushia jiwe utasikia. Kioo kikishavunjika, rusha jiwe lingine pale pale, litapita kimya. Risasi zangu 3 zimepita katikati ya tundu la risasi zangu zilizotangulia. Mashine imezipoteza kwa sababu zilikuwa nzuri!

Na hapa ndipo damu inaponichemka zaidi. Jumanne kabla ya mechi kijana anayejifunza alitumia njia hiyo hiyo. Risasi zake zimetapakaa kama mtama uliomwagika, na zote zikahesabiwa, maana kila moja ilitoboa pake. Hiyo ndiyo waliyoishika kama ushahidi: "Mbona mtoto hakupata tatizo?" Kwa hiyo tatizo ni mimi. Mimi mgeni, mimi mwanamke niliyeanza ukubwani. Hakuna aliyelitamka hivyo, lakini macho niliyaona.

Nimempigia fundi wa waliotuuzia. Hakuuliza utepe, hakuuliza roli. Kaniuliza nina uzoefu wa miaka mingapi.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo nayajibu mapema. Nyaya: nimebadilishana kebo na njia ya 3, tatizo limebaki njia ya 4. Joto la ukumbi: joto likibadilika linaweza kuipotosha hesabu ya mahali risasi ilipopita, ila haliizuii risasi isisikike. Taa: hizo zinasumbua mitambo inayotumia miale, yetu si ya aina hiyo. Nimesafisha roli kwa kitambaa na spiriti, nikabandika karatasi nyeupe nyuma iwe shahidi, nikapiga 40. Karatasi ya nyuma imetobolewa 40, skrini imesoma 40. Dakika 10 za kusafisha, basi.

Halafu kanuni zipo. Kwa taratibu za kimataifa, mlengaji akisema risasi haikuonekana, anaambiwa apige nyingine moja ya ziada. Ikionekana anaendelea, na kila kitu kinaandikwa ili waamuzi wachunguze kumbukumbu za kompyuta na karatasi zenyewe. Isipoonekana na hitilafu haitengenezeki ndani ya dakika 5, anahamishiwa njia nyingine. Ile ya kwanza ikiwa haipatikani popote, ya ziada ndiyo inayohesabiwa. Hakuna mahali msimamizi anaruhusiwa kutazama skrini tupu na kuandika sifuri kutoka kichwani mwake.

Nataka sifuri hizo 3 zifutwe. Nataka na yule aliyeniambia nimekosa mbele ya timu mbili aje aseme mbele ya timu hizo hizo kwamba sikukosa.

Waliowahi kukata rufaa ya namna hii, ligi yoyote, nchi yoyote: mliandika nini, na mliambatanisha nini? Nina kipande cha utepe chenye tundu, picha za roli, ile karatasi nyeupe yenye matundu 40, na kisanduku changu. Barua ya rufaa lazima iwafikie watu wa ligi kabla ya Jumatano. Na kama kuna anayeijua mitambo hii ya sauti, aniambie kama kompyuta huwa inahifadhi kumbukumbu ya mota kuzunguka hata pale risasi isiposikika, maana kama ipo nataka kuitoa kabla haijafutwa.