Mjadala: Vyuo viache kutulazimisha kuweka proksi kwa mkono?

Mwanzilishi, Kisumu: Natoa hoja. Vyuo vinavyomtaka mwanafunzi aandike anwani ya proksi (seva ya chuo inayopitisha mawasiliano yote ya intaneti) na namba ya mlango wake, poti 3128, kwenye laptopu yake mwenyewe viache. Anatoka darasani, anashuka Kondele, anawasha hotspoti ya simu: bando lipo, mawimbi yamejaa, ukurasa haufunguki. Chrome inamwandikia ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED, yaani bado inaitafuta proksi ya chuo na haiifikii. Simu ya Android huweka proksi kwa kila waifai peke yake, lakini Windows huibeba hiyo moja kwenye kila waifai. Basi anakimbilia fundi wa mtaani, ambaye anafuta Windows yote na kumtoza, kumbe ni swichi moja tu ya kuzima.

Mtunza mitandao, Nakuru: Mkubwa, hujawahi kugawa laini moja kwa maabara nzima wewe. Mmoja akipakua filamu, darasa zima linakwama. Proksi ndiyo inayotuonyesha ni nani. Ila la kuandika kwa mkono nakuunga. Netscape, kampuni ya kivinjari cha zamani, ilileta faili ya PAC miaka ya tisini, inayokiambia kivinjari lini kipitie proksi: unaipa laptopu anwani ya faili iliyo kwenye seva ya ndani. Ukiwa chuoni inafuatwa. Ukiwa nje haipatikani, kivinjari kinapita moja kwa moja.

Mwanzilishi: Kivinjari, ndiyo. Zana za waandika programu kama Git na pip hazisomi PAC, zinatazama mpangilio wa mfumo uitwao http_proxy, na apt, ya kusakinisha programu kwenye Linux, mara nyingi imewekewa yake kando. Wekeni udhibiti kwenye geti la mtandao wenu, kile kifaa mawasiliano yote yanapotokea nje, si kwenye laptopu zetu. Na msituambie proksi inahifadhi kurasa ili kuokoa bando. Tovuti karibu zote sasa ni HTTPS, yaani mawasiliano yamefungwa kwa siri, na proksi inaona jina la tovuti tu. Labda mtulazimishe kuweka kwenye laptopu cheti chenu cha usalama, kinachowaruhusu mfungue na kusoma kila kitu, na hapo tutasomeana Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019.

Mchangiaji, Milimani, Kisumu: Ndugu zangu, mmesahau ile swichi ya laptopu ya kugundua proksi kiotomatiki. Ikiwa imewashwa, laptopu inauliza kila mtandao inaoingia: proksi iko wapi? Kwenye waifai ya hoteli mhuni anaweza kujibu, na safari zako za mtandaoni zikapitia kwake. Mashine za ofisini kwetu naizima kabla sijamkabidhi mtu.

Mtunza mitandao, Nakuru: Hapo dada umenena. Lakini geti la kuhimili wanafunzi wote si bei ya kuku. Tuongeze karo?

Mwanzilishi: Kwani ile ada ya kompyuta tunayolipa huwa ni ya nini?