Pawasoo ya kukatia kuni Molo: ya 30 cc, ya Kichina yenye baa ndefu, au kubwa iliyotumika?

Kuni_za_Molo

Salamu wadau. Nina ekari tatu hivi za miti nje kidogo ya Molo: mikaratusi, miwati, na mstari wa saiprasi kwenye ua. Mashina mengi yana upana wa sentimita 15 hadi 30, machache yanafika 50. Kazi ni kukata vipande vya futi moja na nusu, vya jikoni kwangu na vya kuuzia hoteli mbili hapa mjini. Siku mbili kwa mwezi, si zaidi. Mara moja moja mashine itashuka Kisumu kwa wakwe.

Nimeonyeshwa tatu. Ndogo ya 30 cc yenye baa (bamba refu ambalo cheni inalizunguka) ya inchi 14. Ya Kichina imeandikwa 58 cc, baa inchi 22, bei ya kutupa. Na kuna jamaa anauza ya 72 cc aliyokuwa akipasulia mbao. Nichukue ipi? Na hiyo ya baa ndefu si ndiyo itamaliza kazi haraka?

FundiPlagi

Baa ndefu haiongezi kasi, mkuu. Inayokata ni cheni, na inayoivuta cheni ni injini. Inchi 22 maana yake ni cheni ndefu ya kuvutwa, oili nyingi ya kusukumwa mpaka nchani, na meno mengi ya kunoa. Ukiiweka kwenye injini isiyo na nguvu, inabanwa ndani ya mkaratusi, mtu anaikandamiza, klachi inateleza, ngoma ya klachi inapata moto, kisha pampu ya oili iliyo nyuma yake inayeyuka gia zake za plastiki. Halafu lawama anapewa aliyeuza.

Pia angalia unakaa wapi. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini ya kawaida inapoteza karibu robo ya nguvu iliyoandikwa kwenye kijitabu. Stihl MS 180 inaandikwa kilowati 1.5, kwako hesabu 1.1 hivi. Hiyo inatosha matawi na gogo la muwati la sentimita 20. Kwa mkaratusi uliokauka wa sentimita 40 utasimama hapo ukiisubiri.

Kwa mashina uliyotaja, chukua ya 45 hadi 50 cc na baa ya inchi 16, ikizidi sana 18. Stihl MS 250 (45.4 cc, kilowati 2.3) na Husqvarna 450 (50.2 cc, kilowati 2.4) ziko daraja hilo. Inchi 16 ni sentimita 40. Gogo la 50 unakata upande mmoja, unaligeuza, unamalizia upande wa pili. Mashina machache yasikununulishe mashine nzito ya kubeba mwaka mzima.

Cheni nayo ina aina mbili za meno. Yenye kona ya mraba inakata haraka kwenye mti mbichi na safi, lakini ikionja mchanga mara moja imeisha makali. Yenye kona ya mviringo iko nyuma kidogo kwa kasi ila inavumilia. Magogo yako yataburutwa chini na gome litajaa udongo, kwa hiyo chukua ya mviringo. Usikatie gogo likiwa limelala ardhini hata hivyo. Piga mbao nne ziwe na umbo la X pande mbili, uunganishe, uweke gogo juu yake.

Mkaratusi ukate ukiwa mbichi na uupasue wiki hiyo hiyo. Ukikauka mzima mzima unakuwa jiwe, unakula cheni na shoka linadunda.

Nandi_Hills_Mbao

Tusiitupe ya Kichina haraka hivyo. Kwa siku mbili kwa mwezi inaweza kudumu, mradi ujue unanunua injini tu, vingine utabadilisha. Ndiyo, namba ya stika mara nyingi ni kubwa kuliko silinda yenyewe, usiitegemee. Lakini:

Toa hiyo baa ya inchi 22, weka 18. Cheni iliyokuja nayo inalegea kila dakika, nunua nyingine ya jina. Baada ya tangi mbili za kwanza kaza bolti za eksozi na za kabureta, maana zinalegea kwa mtikisiko. Ya kabureta ikilegea inavuta hewa ya pembeni na pistoni inakwaruzika. Mpira wa mafuta ndani ya tangi huwa unakakamaa na kupasuka, nao ni wa bei ndogo.

Oili ya tu-stroki weka mililita 40 kwa kila lita ya petroli, yaani 200 kwenye jeri la lita tano. Hiyo ni 25 kwa 1. Wanaozimaliza mapema ni wale wanaosikia "50 kwa 1" ya mashine za bei kali wakaifuata na oili ya kupimwa kwa kifuniko ya pikipiki.

FundiPlagi

Nakubaliana na Nandi hapo kwa oili. Ila hiyo 50 kwa 1 isieleweke vibaya. Ni mililita 20 kwa lita, na ni sawa kabisa kwa MS 250 au 450 *ukitumia oili ya tu-stroki ya kiwango wanachotaja kwenye kijitabu*. Ukikosa hiyo, ukapata oili nyingine yoyote ya tu-stroki, rudi 25 kwa 1. Moshi utaongezeka, plagi itachafuka mapema, lakini pistoni itabaki. Oili ya gari usiweke kabisa, haichomeki vizuri na inaganda kwenye ringi. Changanya ya kutosha wiki tatu, nne. Ikikaa zaidi ya hapo imwage kwenye chombo kingine, usiilazimishe.

Tangi la pili, la oili ya cheni, ndilo watu wanalidharau. Oili chafu iliyotolewa kwenye gari ina vumbi la chuma. Inaziba kitundu cha baa na kula mfereji wake, tena haina mnato, inarushwa yote nchani. Kama oili ya cheni haipatikani, SAE 40 mpya inafaa, SAE 30 kwenye baridi ya Molo asubuhi. Kujua kama inafika: elekeza ncha ya baa kwenye karatasi nyeupe au kisiki kilichokatwa sasa hivi, sentimita 20 hivi bila kugusa, vuta risi (kichapuo cha mafuta). Mstari wa oili usipotokea, zima, usikate.

Kuni_za_Molo

Asanteni sana. Fundi, ya Kichina nimeiacha. Lakini ile 72 cc ya yule jamaa bado inaniwasha. Anasema ni Stihl MS 381 na ina kompresheni (mbano wa hewa kwenye silinda). Nitajuaje? Na kuhusu Kisumu, mtu aliniambia nisishushe mashine ya Molo huko bila kuirekebisha. Ni kweli?

Msumeno_Njoro

Kukagua iliyotumika, nenda na spana ya pawasoo, bisibisi na tochi.

Ishike kwa mpini wa kamba ya kuwashia uiache ining'inie, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Nzima inashuka kwa kudundadunda, polepole. Ikishuka moja kwa moja mpaka kamba imeisha, ringi zimekwenda. Akileta geji ya kompresheni, kumbuka mlima: silinda inayosoma psi 150 pwani itasoma kama 110 Molo, kwa sababu hewa inayoingia ni pungufu. Watu wamekataa mashine nzuri kwa hilo, na wajanja nao wanalitumia kuuza zilizochoka, kwa hiyo usiishie hapo.

Fungua eksozi. Ni bolti mbili au tatu tu. Mulika tochi ndani ya tundu, vuta kamba taratibu mpaka pistoni ionekane. Unataka ngozi laini, yenye mistari myembamba ya mashine inayokwenda *kwa upana*. Mikwaruzo ya wima, au alumini iliyopakaa kama imelambwa, ni injini iliyowahi kunoki (pistoni kukwama kwenye silinda) kwa kukosa oili au kwa petroli haba. Hata ikiwaka vizuri leo, ondoka. Muuzaji akikataa eksozi isifunguliwe, umeshajibiwa.

Kisha toa kava la klachi. Sproketi (gurudumu la meno linalovuta cheni) ikiwa na mifereji ya zaidi ya nusu milimita, inabadilishwa pamoja na cheni, la sivyo itaimaliza cheni mpya. Shika ncha ya shafti uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zinaomba pesa. Mwisho jaribu breki ya cheni: risi kidogo, sukuma kingio cha mbele, cheni isimame pale pale.

Lakini hata ikipita yote, sioni kwa nini uichukue. MS 381 ni kilo 6 na zaidi bila baa, kilowati 3.9. Ni nzuri kwa kupasua mbao. Kwa vipande 200 vya kuni, mgongo utakueleza saa sita mchana, na mikono ikichoka ndipo ncha ya baa inapogusa gogo la nyuma.

FundiPlagi

Hiyo ya ncha isipite hivi hivi. Robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa mti, mashine inarushwa juu kuelekea usoni kabla hujafikiri. Kwenye lundo la kuni ndipo inapotokea sana, maana macho yako kwenye gogo unalokata na ncha iko kwenye gogo lisiloonekana. Kata moja moja. Kidole gumba cha mkono wa kushoto kizunguke mpini, kisilale juu. Na sehemu ya bajeti iende kwa suruali ya kinga ya pawasoo, kofia yenye wavu na vifuniko vya masikio. Gamboti za mvua hazizuii cheni.

Kisumu: ni kweli, na ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Molo kabureta hupunguziwa petroli ili ilingane na hewa nyepesi. Kisumu ni kama mita 1,130, hewa imejaa. Mashine iliyopunguziwa petroli Molo ikifika huko inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Inalia vizuri, tena inapiga risi kali ya kufurahisha, na hapo ndipo inaponoki, kwa sababu oili ya kulainisha pistoni inaingia pamoja na hiyo petroli iliyopungua.

Kabla ya kukata Kisumu, hakikisha filta ya hewa ni safi, pasha injini dakika kadhaa, kisha fungua skrubu ya H ya kabureta (ya petroli ya risi kubwa) kinyume na saa, moja ya nane ya mzunguko. Vuta risi yote bila kukata: unataka isikike na kigugumizi kidogo juu kabisa, kisha kigugumizi kipotee baa ikizama kwenye mti. Ikilia kavu bila kigugumizi, fungua tena kidogo. Ukirudi Molo itatoa moshi na kuchelewa kuchangamka; ifunge kwa kiasi kile kile. Mashine nyingi mpya zina vizuizi kwenye skrubu, hazizunguki zaidi ya kiasi. Usivivunje, vinatosha kwa tofauti hiyo. Za kabureta ya kompyuta, kama M-Tronic au AutoTune, zinajirekebisha zenyewe.

Mama_Saiprasi

Niongeze la kunoa, kwa sababu mashine nzuri yenye cheni butu ni kelele tu. Tazama kinachotoka. Vipande virefu kama vya randa, uko sawa. Unga, zima unoe. Kila ukijaza mafuta, pitisha tupa mara mbili au tatu kwa kila jino, ukisukuma mbele tu, kwa pembe ya digrii 30. Meno mengi yana mstari mdogo mgongoni wa kukuonyesha. Tupa ya milimita 4.8 ni ya cheni ya .325 (kipimo cha nafasi ya viungo, kwa inchi), ya 4.0 ni ya zile nyembamba za mashine ndogo. Ukichanganya, jino linapata mdomo usiouma.

Kila baada ya kunoa mara nne, tano, shusha ule ulimi wa mbele ya jino kwa tupa bapa mpaka uwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Ukiusahau, cheni ni kali kwa kidole lakini haishiki mti. Ukizidisha, inang'ata na kurukaruka. Baa ikikata kwa kupinda, upande mmoja umenolewa kuliko mwingine: pima jino fupi kuliko yote, yote yafuate hilo.

Na jambo la sheria, kama shamba lako limepakana na msitu. Sheria ya misitu ya 2016 inakataza kuingia na pawasoo kwenye msitu wa umma bila kibali, hata kama umepita tu. Zunguka barabarani. Za kuuza, pitia kwanza ofisi ya KFS (Huduma ya Misitu ya Kenya) iliyo karibu uulize vibali vya kusafirisha.

Kuni_za_Molo

Basi ni MS 250, inchi 18 ili ile mikubwa isinisumbue. Cheni ya akiba niitishe tu "inchi 18"?

Msumeno_Njoro

Hapana, utauziwa isiyoingia. Inchi 18 ya hiyo Stihl ni viungo vya kuendesha (vinavyoingia kwenye mfereji wa baa) 68, unene milimita 1.6. Inchi 18 ya Husqvarna ni 72 na unene wake mwingine. Zote mbili ni .325, zinafanana machoni. Namba zote tatu zimechorwa kwenye baa karibu na injini. Piga picha ya simu uende nayo dukani, kisha uhesabu viungo wewe mwenyewe kabla ya kulipa. Chukua mbili, na kabari mbili za plastiki. Za chuma ukizigusa na cheni mara moja, cheni utainoa upya.